Kuisoma Taswira ya Michiel de Ruyter

Mwaka 1667 Ferdinand Bol, mchoraji wa Amsterdam aliyefunzwa na Rembrandt, alimchora Michiel de Ruyter, mkuu wa manowari za Uholanzi. De Ruyter amesimama, anaonekana kuanzia kichwani hadi magotini. Ameshika fimbo ya amri, kando yake kuna tufe la dunia na ramani, shingoni amevaa nishani, na nyuma yake bahari imejaa meli. Turubai lenyewe lina kimo cha zaidi ya mita moja na nusu. Karibu kila anayelikabili huanza na uso: mpana, wenye masharubu yaliyopinda juu, macho yakimtazama mtazamaji bila haya. Namshauri auache uso huo kwa muda aanze na vitu vinavyouzunguka, maana vitu hivyo ndivyo walivyojadiliana mchoraji na waliomwagiza.

De Ruyter hakuzaliwa katika ukubwa. Alizaliwa mwaka 1607 katika bandari ya Vlissingen, jimbo la Zeeland, mtoto wa mchukuzi wa bia. Utotoni alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota kamba za meli, kisha akaingia baharini akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akawa nahodha wa meli za biashara, na mwaka 1665 akapewa cheo cha luteni-admirali. Mtu wa ukoo mkubwa angeweza kuchorwa na nembo ya babu zake ukutani. De Ruyter hakuwa na nembo ya kurithi yenye uzito huo, kwa hiyo picha ilipaswa kuonyesha kwa njia nyingine kwa nini asimame pale kama mkuu. Fimbo inasema anaamrisha, desturi iliyotokana na sanamu za majemadari wa Roma ya kale. Kwenye sitaha haikuwa na kazi yoyote. Tufe na ramani vinasema elimu yake ni ya bahari.

Nishani inastahili kutazamwa kwa muda zaidi. Ni ya Mtakatifu Mikaeli, na aliyeitoa ni Mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1666, wakati Ufaransa na Uholanzi zilipokuwa upande mmoja dhidi ya Uingereza. Bol ameichora kwa uangalifu uleule alioutumia kwenye mikono na uso, kwa kuwa heshima kutoka kwa mfalme ilikuwa na thamani kubwa kwa mtoto wa mchukuzi wa bia, na kwa jamhuri aliyoitumikia pia. Miaka sita tu baada ya kuitoa, Louis huyohuyo aliivamia Uholanzi, na De Ruyter akalazimika kupigana na manowari za Ufaransa na za Uingereza kwa pamoja. Hatimaye, Aprili 1676, kombora la mzinga lilimjeruhi vibaya miguuni katika vita dhidi ya Wafaransa karibu na Sicily, naye akafariki siku saba baadaye huko Syracuse. Kila nikiiona nishani ile nawaza jinsi picha inavyoshikilia mapatano ambayo wenye nayo walishayavunja zamani.

Jambo jingine ambalo jicho peke yake haliwezi kulijua ni kwamba picha hii haikuwa moja. Bol na karakana yake walitoa nakala kadhaa, na leo unaweza kuzikuta Rijksmuseum mjini Amsterdam, Mauritshuis mjini The Hague, na hata Greenwich nchini Uingereza, kwa watu ambao De Ruyter aliwapiga. Sababu iko katika namna Uholanzi ilivyotawaliwa. Ilikuwa jamhuri ya majimbo saba. Tangu mwaka 1650 mengi ya majimbo hayo yalikuwa yameacha kiti cha mtawala kutoka nyumba ya Orange kikae kitupu, na mtu mwenye sauti kubwa alikuwa mwanasiasa Johan de Witt. Manowari ziligawanywa kati ya bodi tano za kijeshi katika miji mbalimbali, kila bodi na bajeti yake na wivu wake. Nakala za Bol zilikusudiwa kumbi za mikutano za bodi hizo. Kwa hiyo wajumbe waliobishana kuhusu fedha za baruti na mishahara walibishana chini ya macho ya mkuu mmoja. Hapo ndipo ninapoona kazi hasa ya picha hii: kuzipa bodi tano sura moja ya kutazama.

Mwaka wenyewe haukuchaguliwa ovyo. Juni 1667 Waholanzi waliingia mto Medway nchini Uingereza, wakachoma manowari zilizotia nanga humo na kuikokota hadi kwao Royal Charles, meli kuu ya mfalme wa Uingereza. Kipande cha tezi ya meli hiyo, chenye simba na farasi mwenye pembe moja waliochongwa, kimehifadhiwa Rijksmuseum hadi leo. Mwezi uliofuata amani ilitiwa saini mjini Breda.

Sasa tuitazame bahari iliyo nyuma ya De Ruyter. Bol hakuichora yeye. Amsterdam ilikuwa na wachoraji wengi kiasi kwamba kila mmoja aliweza kubobea katika jambo lake, na bahari alikabidhiwa Willem van de Velde Mdogo. Baba yake, Willem van de Velde Mkubwa, alikuwa akisafiri pamoja na manowari na kuchora vita papo hapo akiwa ndani ya chombo kidogo, makombora yakipita. Ndiyo maana meli zilizo nyuma ya De Ruyter zina milingoti, kamba na bendera ambazo baharia angezikubali. Kati ya meli hizo imo De Zeven Provinciën, meli kuu ya De Ruyter yenye mizinga takriban 80, iliyobeba jina la majimbo yote saba. Baba na mwana hao walihamia Uingereza majira ya baridi ya 1672 kuingia 1673, wakati nchi hizo mbili zikiwa vitani tena, na Mfalme Charles II akawalipa kila mmoja pauni 100 kwa mwaka.

Bahari iliyochorwa ni ya Ulaya, na hapa taswira inaacha sehemu nzito ya maisha ya De Ruyter. Mwaka 1664 Waingereza waliteka vituo vya Waholanzi katika pwani ya Afrika Magharibi. De Ruyter, aliyekuwa Mediterania, akapewa amri ya siri akavirudishe. Oktoba mwaka huo alikitwaa tena kisiwa cha Gorée, kilicho mbele ya Dakar ya sasa, na mwanzoni mwa 1665 aliiteka ngome ya Waingereza ya Kormantin katika Ghana ya leo, ambayo Waholanzi waliiita Fort Amsterdam. Dhahabu ilipita humo, pembe za ndovu zilipita, na watu waliofungwa minyororo walipita kuelekea mashamba ya ng'ambo. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyofaidika na biashara hiyo, na safari yake iliilinda. Tufe lililo mezani linaihusu pwani ile kama linavyoihusu London.

Sisemi Bol alidanganya. Alichora kile ambacho bodi zilitaka kukitazama, na alikichora vizuri mno: ngozi, ngozi ya koti, chuma, dhahabu, kila kimoja na mng'ao wake. Lakini picha ya ofisa wa majini ikitundikwa leo bila neno juu ya Gorée na Kormantin inamnyima mtazamaji nusu ya habari. Ngome ya Kormantin bado imesimama huko Abandze, na pamoja na ngome nyingine za pwani ya Ghana imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1979. Kibao cha maelezo kando ya taswira hii kinapaswa kuitaja kwa jina, kama kinavyoutaja mto Medway.