Ua la Chai Katika Kadi ya Idd



Kila Idd inapokaribia, simu zetu hujaa salamu. Picha ya mwezi mwandamo na msikiti wenye taa hutoka kwa mmoja ikaenda kwa mia, na kabla ya khutba kumalizika sisi wenyewe huwa tumekwisha kuipeleka kwa mia wengine. Hatuzidharau salamu hizo, kwani zimewafikia jamaa ambao tusingeweza kuwafikia kwa njia nyingine. Lakini wako nyanya zetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Malindi, wasiokuwa na simu za picha. Na wako waliosomeshwa herufi za Kiarabu chuoni wala hawakupata kufunzwa hizi nyingine. Baadhi yao wana wajukuu Kericho na Bomet, ambako wazazi wa watoto hao walikwenda kwa ualimu, uuguzi, biashara au kazi za viwanda vya chai. Wajukuu hao wamezaliwa penye baridi na ukungu, na Kiswahili chao kimechanganyika na lugha za huko. Nyanya akipewa simu azungumze nao, mtoto husema shikamoo, nyanya huitikia marahaba, kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Tunapendekeza jambo dogo ambalo familia yoyote inaliweza: kadi ya Idd iliyochorwa nyumbani kwa penseli za rangi, yenye picha ya mmea mmoja unaoota pale mtoto anapoishi. Nyanya hahitaji herufi ili aisome kadi hiyo. Ataliona ua asilolijua, atauliza ni ua gani, na mtoto aliyelichora atakuwa na jambo la kujibu.

Ua tusilolijua

Tuanze na mmea ambao umewalisha maelfu ya watu katika nchi hiyo. Sisi wa Pwani tunakunywa chai kila asubuhi kwa mahamri na mbaazi, na wengi wetu hatujapata kuliona ua lake. La kushangaza ni kwamba hata watoto wanaopita katikati ya mashamba ya chai kila siku wakienda shule huenda wasilijue pia. Sababu yake imo katika kilimo chenyewe. Chai huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lililo kati yake, na mmea hukatwa ukabaki kimo cha kiuno cha mtu. Mmea unaochumwa hivyo hupeleka nguvu zake katika kutoa majani mapya, nao huchanua kwa nadra. Ukiachwa bila kuchumwa, huinuka ukawa mti wa mita kadhaa, na hapo ndipo hutoa maua.

Ua la chai ni jeupe, dogo, lenye petali za mviringo, na katikati yake zimejaa nyuzi nyingi za manjano zenye chavua. Mara nyingi huinamia chini, kana kwamba linaona haya. Mwenye kulitaka na alitafute kwenye mmea uliosahauliwa ukingoni mwa shamba au kando ya ua wa nyumba, na aombe ruhusa kabla ya kugusa. Hili tunalisisitiza. Majani yale ni mali ya mtu, na kila chipukizi huhesabiwa kwenye mizani ya kituo cha kununulia. Mtoto na afundishwe kuchora mmea ukiwa mahali pake, au achukue kijitawi kimoja tu alichopewa kwa ridhaa ya mwenyewe.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kuipanda Kericho, mahali palipo kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Utafiti wake nao uko huko huko Kericho. Mwaka 2011 watafiti waliwatolea wakulima aina ya chai yenye majani ya zambarau, iitwayo TRFK 306. Mchoraji anayedhani kwamba chai ni kijani kitupu atafurahi kukutana na mmea huo.

Bomet nayo ina yake. Katika sehemu zake za baridi hulimwa viazi, na ua la kiazi, jeupe au la urujuani, lina kijipembe cha manjano katikati ambacho mtoto hulichora kwa urahisi. Upo pia mji uitwao Silibwet, na jina hilo ndilo ambalo Wakipsigis huuita mti mmoja wa msituni wenye majani mapana ya umbo la moyo. Maua yake hutoka meupe, kwa vishada, kisha hugeuka rangi ya kahawia na kubaki mtini siku nyingi. Mtoto hawezi kulijua jina hilo ila amuulize jirani. Basi kadi inayokusudiwa kumfikia nyanya wa Pwani humpitisha mtoto kwanza mlangoni kwa mzee wa Kikipsigis, na haki za ujirani tunazijua sote.

Kwa nini mimea

Baadhi ya akina mama wametuuliza kama watoto wafundishwe kuchora. Khitilafu za wanazuoni juu ya picha za viumbe wenye roho zinafahamika, na hapa si mahali pa kuzieleza. Kuhusu mimea, njia ni nyeupe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na juu ya baba yake, naye akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na visivyokuwa na roho.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Tazameni milango ya Lamu na Zanzibar, jinsi mafundi walivyochonga maua na mizabibu juu ya mbao. Tazameni mikono ya bibi harusi usiku wa kupakwa hina. Mwanamke anayejua kupiga hina ana mkono uliokwisha kuzoea jani na kikonyo. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Jani la hina hutoka akilini, na mchoraji hulipinda apendavyo. Jani la kadi hii liko mbele ya macho, na mchoraji hulifuata lilivyo, pamoja na tundu alilotoboa mdudu.

Kenya ina hazina ya michoro ya namna hii. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa habari za simba wake Elsa, alikuwa mchoraji wa mimea kabla ya hayo. Aliichora mimea ya nchi hii kwa rangi za maji, na mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza ilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Mmea uliokaushwa hupoteza rangi yake. Mchoro mwaminifu huihifadhi.

Vifaa na karatasi

Hakuna gharama kubwa. Zinatakiwa penseli za rangi kumi na mbili, kichongeo kikali, raba, rula, na karatasi ya manila nyeupe iliyo laini. Karatasi ya kipimo cha A4 ikikatwa katikati hutoa kadi mbili. Kila nusu ikikunjwa, kadi huwa na urefu wa milimita 148 na upana wa milimita 105, nayo huingia katika bahasha ya kawaida bila kubanwa. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu butu juu ya mstari wa mkunjo ukiongozwa na rula, ili karatasi isipasuke. Chora kabla ya kukunja, na weka karatasi safi chini ya kiganja, maana jasho na mafuta ya mkono huzuia rangi kushika.

Kericho na Bomet ni nchi za unyevu. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri, na mara nyingine huja na mawe. Chora asubuhi karibu na dirisha, na karatasi zihifadhiwe mahali pakavu, katikati ya kitabu kizito. Kijitawi nacho kifungwe pamba iliyolowa kwenye mkato wake, kwani ua huanza kusinyaa kabla hujamaliza petali ya pili.

Ua jeupe juu ya karatasi nyeupe

Hapa ndipo wengi hukwama. Utalichoraje ua jeupe juu ya karatasi nyeupe? Jibu ni kwamba ua lenyewe huliguswi sana. Paka vivuli vyake tu, kwa kijivu chepesi na manjano ya mbali, pale petali moja inapoilalia nyingine. Kisha paka majani ya nyuma kwa rangi nzito, na weupe utajitokeza wenyewe.

Jani la chai lina alama zake. Ukingo wake una meno madogo kama ya msumeno, na mishipa ya pembeni haifiki ukingoni. Hujipinda na kuungana na mwenzake. Ili mishipa hiyo ionekane nyembamba na safi, ichore kwanza kwa kalamu iliyoisha wino, ukibonyeza kidogo ili ibaki mifereji. Utakapopaka kijani juu yake, rangi itaruka mifereji hiyo na mishipa itabaki myeupe.

Kijani kisipakwe mara moja kwa nguvu. Anza na manjano kwa mkono mwepesi, fuatisha kijani cha mbali, halafu kijani kizito, tabaka juu ya tabaka, na penseli iwe imechongwa daima. Penye giza usitumie nyeusi, kwani huliua jani; tumia nyekundu kidogo au kahawia juu ya kijani. Jani lililokomaa hung'aa, basi acha upenyo mdogo usiopakwa, uwe ndio mng'ao wake. Kwa chai ya zambarau, tanguliza kijani kisha uifunike kwa zambarau na nyekundu. Siku chache baadaye ukiona ukungu mweupe umetanda juu ya rangi, hiyo ni nta ya penseli iliyopanda. Ipanguse taratibu kwa kitambaa laini.

Mtoto wa miaka minane hatayafanya haya yote, wala haidhuru. Aachiwe jani moja na muda wa kutosha kulitazama.

Maneno ya ndani

Ndani ya kadi na paandikwe machache: salamu, jina la mmea kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, mahali ulipoota, tarehe, na jina la mtoto kwa mkono wake. Ikiwa nyanya husoma herufi za Kiarabu, mama au baba aandike salamu hiyo kwa herufi hizo, na mtoto anakili chini yake. Tunashauri aya za Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu yasiandikwe kwenye kadi ambayo huenda ikaangushwa chini au kutupwa. Dua na asomewe nyanya kwa mdomo.

Kutoka Kericho hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kadi ipelekwe posta wiki tatu kabla ya Idd, au apewe jamaa anayesafiri. Dada wanaotaka kuziuza wahesabu saa walizokaa mezani pamoja na bei ya karatasi, wasije wakaiuza kazi ya siku mbili kwa bei ya bahasha.

Jambo la mwisho ni la mwezi. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa kiasi cha siku kumi na moja kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Idd hurudi nyuma kila mwaka, ikazunguka majira yote kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Mwaka 2025 Idd ul-Fitr ilikuja mwishoni mwa Machi. Miaka michache ijayo itaangukia Februari, kisha Januari, wakati wa jua kali katika nchi ya chai. Maana yake ni kwamba mtoto anayechora mmea unaochanua wakati wa Idd hatarudia ua lilelile miaka yote. Akianza na miaka saba, na nyanya akizihifadhi kadi hizo sandukuni pamoja na udi na kanga zake, patakuwa na kitabu cha nchi ambayo nyanya hakuwahi kufika, kilichochorwa na mjukuu wake mwenyewe.

Naye nyanya asiachwe bila jibu la kurudisha. Haichukui zaidi ya maua matatu ya asumini na kijitawi cha mrihani, vikunjwe ndani ya karatasi safi na kutiwa katika bahasha. Vitafika Bomet vimekauka, na harufu itakuwa imebaki. Mtoto atauliza ni nini hiki, na safari hii nyanya ndiye atakayekuwa na la kueleza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atudumishie jamaa zetu, azijaalie Idd zetu ziwe za kheri, na awape watoto wetu macho ya kuona alichokiumba. Amin.