Je, Wajua? Kilomita Tatu Juu ya Ziwa

Ukitoka Mwanza kwenda Geita, ukishapita Usagara unafika Kigongo, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza. Zamani safari ilikwama hapo: malori, mabasi, hata magari ya wagonjwa yalipanga foleni kusubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, refu kuliko yote Tanzania. Sasa unavuka hadi Busisi, wilayani Sengerema, kwa dakika chache tu. Nyaya nene zimelishikilia katikati, na chini yake wavuvi wanapita na mitumbwi. Ukisafiri mchana, omba siti ya dirishani.