Mchoraji asione haya kuufuta mti aupendao

Kwa wiki tano sasa, turubai yenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60 imeegemea ukuta wa sebule yangu, nayo kila nipitapo hunitazama kama mdai aliyechoka kuahidiwa. Ni picha ya rangi za mafuta ya Bonde la Ufa lionekanavyo kutoka ukingoni, kando ya barabara kuu iendayo Naivasha: mlima Longonot kwa mbali, nyika iliyokauka chini yake, na mbele kabisa mgunga mmoja mkubwa.

Mgunga huo haupo tena. Ulikatwa zamani. Chini ya kivuli chake marehemu baba yangu alikuwa akiwauzia wasafiri ngozi za kondoo, na ada zangu za shule zilitoka pale. Nilishika brashi ili mti ule usipotee, na kwa sababu hiyo niliuweka katikati, nikauchora kwa uangalifu ambao sikuupa kitu kingine chochote katika picha ile. Ukiutazama peke yake, msomaji, ni kazi isiyonitia aibu.

Taabu ni kwamba hautazamwi peke yake. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alikuja nyumbani kuchukua daftari, akasimama mbele ya turubai kwa kitambo, kisha akaniambia kwa adabu, “Mwalimu, mimi ninaona picha mbili.” Nilitabasamu kama watabasamuvyo watu wazima walioguswa penye kidonda. Alipoondoka nilileta kioo, nikaitazama picha kupitia humo, maana kioo hugeuza kushoto kuwa kulia na kulinyang’anya jicho mazoea yake. Kijana alikuwa amesema kweli. Shina lilikuwa limeipasua picha pande mbili kama ukuta wa ploti, nacho kilele cha mti kiligusa ukingo wa kreta ya Longonot barabara, hata ikawa vigumu kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Nilianza na makosa mepesi, kama afanyavyo kila mwoga. Njia ya vumbi ilikuwa ikitokea kwenye pembe ya chini upande wa kulia na kulichukua jicho moja kwa moja nje ya picha. Niliipinda kwa michapo michache ya brashi, ikarudi ndani kuelekea nyikani. Mbingu nayo ilikuwa imetwaa nusu nzima. Nilifunika sehemu ya juu kwa ukanda wa gazeti (naam, gazeti hili hili), nikaupandisha na kuushusha mpaka nilipoona kuwa sentimita 10 za mbingu zilikuwa za bure. Seremala atapunguza fremu.

Ukabaki mti. Nilikata karatasi yenye umbo la mgunga, nikaipaka rangi ya kahawia, nikawa naihamisha huku na huku juu ya turubai iliyokauka. Ilipofika upande wa kushoto, kwenye theluthi ya kwanza, nayo nikaipunguza kimo, picha yote ilitulia. Jua la saa kumi alasiri nililolichora linatoka kushoto. Kwa hiyo kivuli cha mti kililala kuelekea kulia, kikapita juu ya nyasi na kulipeleka jicho polepole hadi miguuni mwa mlima. Nilikaa chini. Pale penye karatasi hapakuwahi kuota mti wowote, na mahali pale baba yangu hakuketi hata siku moja.

Je, huo ni uongo? Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa usiku kadhaa. John Constable, mchoraji Mwingereza, alionyesha mjini London mwaka wa 1825 picha yake kubwa ya farasi akiruka kizuizi kando ya mto Stour, mto aliokulia ukingoni mwake. Picha haikununuliwa. Miezi michache baadaye aliamka mapema, akaliondoa gutu la mti lililokuwa mbele ya farasi yule, akaandika kwamba picha imeboreka sana. Huyu ndiye mtu aliyeipenda nchi yake hadi kila unyasi, na kuchora mawingu yake siku baada ya siku. Hakuona kuwa kulihamisha gutu ni kuusaliti mto.

Walimu wenzangu watanivumilia nikiwagusa kidogo. Mtoto tunampa kipindi cha dakika 40 achore mandhari, kisha tunaandika alama pembeni na kuifunga kazi. Insha nazo tunazifanyia vivyo hivyo. Ni lini tuliwahi kumwambia mwanafunzi, “Rudi nayo nyumbani, uitazame katika kioo, kisha uniambie ni kitu gani ukipendacho kinachoiharibu”? Nami nasema haya huku mimi mwenyewe nikiwa nimefundishwa kazi hiyo na kijana wa kidato cha tatu.

Jumamosi iliyopita nilichukua kisu. Rangi ya mafuta iliyokauka haiondoki kwa urahisi. Nilikwangua matuta ya shina, nikalainisha kwa msasa, maana tuta likibaki huonekana hata chini ya rangi mpya. Kisha nikaanza kurudisha nyika juu yake, nikiongeza mafuta ya kitani kidogo katika tabaka la juu kuliko lile la chini, ili lisije likapasuka. Mkono ulinitetemeka nilipofika penye kivuli alipokuwa akiketi baba. Mgunga mpya, ule wa kushoto, bado ni mistari ya mkaa tu.

Wachoraji wa zamani waliacha onyo moja juu ya jambo hili. Rangi ya mafuta huzidi kupenyeza nuru kadiri miaka ipitavyo, na kilichofutwa huweza kujitokeza taratibu chini ya kilichopakwa juu yake. Nimeipaka nyika ile tabaka mbili. Ningeweza kuongeza la tatu, lakini nimeliacha.