Njia ya Kombora na Daftari la Mtoto

Askari yeyote aliyepata kusimama nyuma ya mota uwanjani ameiona parabola, hata kama jina hilo halikutajwa mbele yake. Kombora hutoka mtutuni, hupanda huku kasi yake ya kupanda ikipungua, hufika kileleni, kisha huinama na kuteremka upande wa pili. Njia hiyo ya angani ndiyo ambayo binti yake wa sekondari huhangaika kuichora juu ya karatasi ya grafu, usiku, mezani pa chakula. Baba na binti washughulika na jambo moja, wala hakuna kati yao alijuaye hilo.

Sababu yafahamika kwa sisi tuliosoma kwa njia ya zamani. Mwalimu huandika ubaoni y = x² − 2x − 3. Mwanafunzi hutengeneza jedwali, hukokotoa thamani moja moja, huweka nukta, kisha huziunganisha kwa penseli. Akikosea mahali pamoja tu, akaandika kwamba kipeo cha pili cha −2 ni −4 badala ya 4, mchoro wake huvunjika mguu wa kushoto, naye hajui aliyekosa ni nani, yeye au mlinganyo. Hutoka darasani akiamini kwamba hesabu si fungu lake, ilhali kilichomshinda ni alama ya kutoa. Ni wengi walioacha somo hili kwa kosa dogo namna hiyo.

Mimi mwenyewe parabola niliielewa katika mafunzo ya ukadeti, mkufunzi alipochora mchangani njia tatu za kitu kinachorushwa kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, tukiacha upinzani wa hewa. Kikirushwa kwa pembe ya nyuzi 45 hufika mbali kuliko pembe nyingine zote, yaani mita 1,020 hivi. Kwa nyuzi 30 huanguka penye mita 884. Na kwa nyuzi 60 huanguka papo hapo penye mita 884! Tofauti ni kimo: ya kwanza hupanda mita 128 tu, ya pili mita 383. Ndipo nilipofahamu kwa nini mota huinuliwa mdomo juu na kuweza kuvuka kilima. Nilijiuliza kwa uchungu kidogo kwa nini sikuambiwa hayo nikiwa na miaka kumi na sita.

Kompyuta nayo si mgeni katika somo hili. ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilijengwa kwa fedha za jeshi ili ikokotoe majedwali ya kulengea mizinga. Njia ya kombora likaalo angani sekunde 60, ambayo mtu mwenye mashine ya kuhesabia ya mezani aliikokotoa kwa saa 20 hivi, ENIAC iliimaliza kwa sekunde 30. Ilijaza ukumbi mzima. Leo simu ya mfukoni huchora grafu kabla kidole hakijainuliwa.

Programu zitumikazo zaidi mashuleni ni GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi huko Salzburg, Austria, na Desmos, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011. Lakini chombo pekee si somo. Mwalimu akikionyesha tu kama sinema, wanafunzi hutazama, hufurahi, na kusahau.

Mfano mwema ni wa Dan Meyer, aliyekuwa mwalimu wa sekondari huko Marekani. Huwaonyesha wanafunzi picha ya mpira wa kikapu ukiwa angani, nusu ya safari yake, na kuuliza: je, utaingia? Kila mmoja hutoa kauli yake kwanza. Kisha huiweka parabola juu ya picha na kuisogeza hadi ipite katika kila mahali mpira ulipoonekana, na hapo huruhusiwa kubadili kauli. Mwisho huona filamu yenyewe. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwanafunzi amekwisha kujifunga kwa neno lake. Sasa anataka kujua. Tena darasa lenye kompyuta moja na projekta laweza kuufuata, kwa kuwa kauli huandikwa daftarini.

Wako wasemao kwamba mashine itawalemaza watoto. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake: katika mtihani wa kalamu na karatasi jedwali bado litatakiwa, na atakayelikwepa ataumia. Ila ni rahisi zaidi kutengeneza jedwali la kitu ulichokwisha kukiona.

Mzazi mwenye simu aweza kujaribu leo jioni, maana GeoGebra ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Andika y = ax², nayo programu italeta kitufe cha kusogeza thamani ya a. Mpe mtoto simu. Ikiwa a ni 3, kikombe ni chembamba; ikiwa 0.2, kimetanuka kama sinia. Kabla hajafika penye sifuri, mzuie mkono na umwulize ataona nini. Kisha mwache asogeze: kikombe hulala, huwa mstari mnyoofu, halafu, a ikiwa chini ya sifuri, hupinduka na kuwa kilima, kama ile njia ya kombora uliyoiona uwanjani.