Jifunze Kuanguka Kabla ya Kuangusha

Je, umewahi kuteleza penye tope, au kuanguka na baiskeli? Bila shaka mkono ndio uliotangulia. Watu wengi hunyosha mkono ili wajizuie. Uzito wote wa mwili hushukia kifundo cha mkono, na mfupa unaweza kuvunjika. Wengine huanguka chali wakapiga kisogo. Hilo ni la hatari zaidi.

Kuanguka nako kuna elimu yake. Wajapani huifundisha katika mchezo wa kujikinga uitwao aikido. Mchezo huu ulianzishwa na Mzee Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Anayeshambuliwa hashindani nguvu na mwenzake. Humkwepa, humgeuza, kisha humwangusha kwa nguvu ile ile aliyokuja nayo. Siku hizi vyama vya aikido viko katika nchi nyingi.

Ukijiunga na chama cha aikido, utaanza kwa kujifunza kuanguka. Kwa nini? Kwa sababu wanafunzi hufanya mazoezi wawili wawili, kwa zamu. Mara wewe unamwangusha mwenzako, mara yeye anakuangusha. Asiyejua kuanguka ataumia.

Mwalimu atakufundisha hatua kwa hatua:

1. Kwanza utaanguka ukiwa umeketi. Halafu ukiwa umechuchumaa. Mwisho ukiwa umesimama.

2. Utabana kidevu kifuani, ili kisogo kisipige chini.

3. Utapinda mgongo uwe mviringo, upate kubiringika kama gurudumu.

4. Ukibiringika mbele, utaanza na mkono uliopinda kidogo. Halafu bega. Halafu utapita mgongoni kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili.

5. Utatoa pumzi. Usiizuie.

Mazoezi haya hufanywa juu ya mikeka minene, mbele ya mwalimu. Usiyajaribu peke yako juu ya ardhi ngumu. Mama mjamzito, mzee, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa mgongo, wamwone mganga kwanza.

Na je, mtu akianguka vibaya ufanye nini? Akisema shingo au mgongo unamwuma sana, usimwinue wala usimgeuze. Mwambie atulie, kisha ita msaada. Kama amepiga kichwa, usimwache peke yake siku hiyo. Akizimia, akitapika, akichanganyikiwa, au akitokwa na damu masikioni, mpeleke hospitali upesi. Usiseme, "Amelala tu, ataamka."

Ndugu msomaji, kila mtu huanguka. Tujifunze kukilinda kichwa.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini si vizuri kunyosha mkono unapoanguka?

2. Katika kijiji chetu watu huanguka wapi mara nyingi? Tufanye nini kupazuia?