Maneno Madogo Yabebayo Amri Kubwa: Kusoma Kiingereza kwa Ufahamu

Leo tunazungumzia ufahamu wa Kiingereza cha maandishi, yaani uwezo wa kusoma barua, fomu au mkataba na kujua hasa mwandishi anataka nini kwako.

Tuanze na sentensi mbili fupi. Ya kwanza ni hii: "You do not have to sign this form." Na ya pili: "You must not sign this form."

Msemaji wa Kiswahili aliyefundishwa kwamba "must" ni lazima, huziona sentensi hizi kama ndugu wa tumbo moja. "Must" ni lazima, "not" ni si, basi "must not" itakuwa si lazima. Hapo ndipo njia inapompotea. Sentensi ya kwanza ndiyo isemayo kwamba si lazima kutia saini: ukitaka tia, usipotaka acha. Ya pili ni katazo: usitie saini. Hakuna neno gumu katika sentensi zote mbili, na hilo "form" tumeshalifanya letu kwa kuliita fomu. Hata hivyo, msomaji anaweza kufanya kinyume kabisa cha alichoambiwa.

Wengi wetu huamini kwamba Kiingereza kinatushinda kwa sababu ya msamiati mzito. Lakini neno zito lina hisani yake: humsimamisha msomaji, akauliza au akafungua kamusi. Neno dogo halimsimamishi mtu. Hulipita akidhani amelielewa, kumbe ndilo lililobeba amri yote.

Kwa nini jicho letu huyaruka

Sababu imo katika maumbile ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili hukusanya mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja. Chukua neno "hawatakuja". Ndani yake mna nafsi, mna ukanushi, mna wakati ujao na mna tendo lenyewe. Kiingereza huyatawanya mambo hayo katika maneno manne: "they will not come". Chukua tena "usipolipa". Mwingereza atasema "if you do not pay" au "unless you pay".

Kiambishi "-sipo-" hatuwezi kukiruka, kwani kimefungwa ndani ya neno, na bila yake neno halitamkiki. Lakini "unless" limesimama peke yake, kama bawabu mlangoni, na msomaji mwenye haraka humpita bila hata kumwamkia. Kwa hiyo anayesoma Kiingereza akiwa na mazoea ya Kiswahili hutafuta maana ndani ya maneno makubwa, ilhali sarufi yenyewe imekaa nje, katika vijineno vya pembeni.

Wapo waliolitambua jambo hili zamani. Mwaka 1930 mwanazuoni wa Kiingereza, C. K. Ogden, alitoa mpango aliouita Basic English, wenye maneno 850 tu. Kati ya hayo, 600 ni majina ya vitu na mambo, na 150 ni sifa. Yaliyobaki 100 ni vitenzi vichache pamoja na vijineno kama "to", "by", "if" na "not". Hayo 100 ndiyo yanayoyaendesha yale mengine 750. Nayo Sauti ya Amerika, ilipoanzisha mwaka 1959 matangazo yake ya Special English kwa wanaojifunza lugha hiyo, ilitumia orodha ya maneno yapatayo 1,500, sentensi fupi na usomaji wa taratibu. Hii ina maana kwamba mtu mwenye maneno machache anaweza kufika mbali, madhali anajua yanavyofungamana.

Barua moja, masomo matano

Hebu sasa tusome pamoja barua fupi. Tumeitunga kwa ajili ya zoezi hili, lakini inafanana na zile ambazo hospitali za Uingereza huwatumia wagonjwa.

"Your appointment with the doctor is at 2.30 pm on Monday 12 May. You do not have to reply unless you cannot come. If you want another day, you must tell us by Thursday 8 May. You may bring a friend. The friend can wait until you finish, but they must not enter the room."

Neno "appointment" ni miadi. Mengine yote hufundishwa katika miaka ya mwanzo ya Kiingereza. Na sasa tuyatazame yale madogo.

Somo la kwanza ni "unless". Barua inasema huna haja ya kujibu, ila kama huwezi kuja. Kwa hiyo ukiweza kuja, kimya chako kinatosha. Usipoweza, ni juu yako kuwaarifu. Msomaji anayeishia kwenye "you do not have to reply" atanyamaza hata siku anayojua kwamba hatafika. Daktari atamngoja bure, na mgonjwa mwingine ambaye angepewa nafasi ile ataikosa.

Somo la pili ni "by" na "until". Yote mawili huwa tunayafasiri kwa "hadi" au "mpaka", na ndipo fujo inapoanza. "Until" huhusu jambo linaloendelea: rafiki angoje mpaka umalize. "By" huhusu jambo moja ambalo sharti liwe limekwisha kufanyika wakati fulani ufikapo: Alhamisi isiishe bila ya wewe kutuarifu. Ukiarifu Jumanne ni vizuri. Alhamisi yenyewe bado umo. Ijumaa umechelewa.

Somo la tatu ni vitenzi visaidizi, navyo tuvipange kama ngazi. "Must" ni lazima. "Should" ni yafaa, au inatarajiwa ufanye hivyo. "May" ni ruhusa. "Can" ni uwezo, na mara nyingi pia ni ruhusa. Hapa wasikilizaji wetu wa Ghuba watege sikio, kwani huko mikataba mingi ya kazi huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Sentensi kama "The employer may end this contract" haina maana kwamba huenda mwajiri akavunja mkataba, kama tusemavyo huenda mvua ikanyesha. Maana yake ni kwamba mwajiri amepewa haki ya kuuvunja. Kila uonapo "may" katika mkataba, uliza: nani amepewa ruhusa, mimi au yeye?

Somo la nne ni "a" na "the". Kiswahili hakina maneno ya namna hii, lakini maana yake tunayo. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Katika sentensi ya pili, wewe nami tunakijua kitabu kinachozungumzwa. Kazi hiyo ya "-ki-" inakaribiana na kazi ya "the". Barua imesema "a friend", rafiki yeyote umtakaye, kisha ikasema "the friend", yaani yuleyule utakayekuwa umemleta. Ukiona "the form" au "the fee", rudi juu uitafute fomu hiyo au ada hiyo, maana huenda imekwisha kutajwa.

Somo la tano ni "they". Shuleni tulifundishwa kwamba ni "wao", na ni kweli. Lakini katika barua za ofisini leo, "they" hutumika pia kwa mtu mmoja ambaye haijulikani kama ni mwanamume au mwanamke. Katika barua yetu ni yule rafiki, na wala hajawa kundi la watu. Jambo hili lisitutaabishe, kwani "yeye" yetu haikuwahi kubagua mume na mke.

Saa, tarehe na nyakati za vitenzi

Tusisahau saa. "2.30 pm" ni saa nane na nusu mchana. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana tangu alfajiri, wao huanza usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita kamili. Andika saa hiyo kwa Kiswahili pembeni mwa barua, ili usiitegemee kumbukumbu. Tarehe nazo zina mtego. "5/6" nchini Uingereza ni tarehe tano Juni, ilhali Marekani ni tarehe sita Mei, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi.

Kisha kuna wakati wa kitenzi, ambao hubeba uzito mkubwa katika fomu za ukaazi na za kazi. "I lived in Leeds for five years" ni "niliishi Leeds miaka mitano", na msomaji ataelewa kwamba umekwisha kuhama. "I have lived in Leeds for five years" ni "nimeishi Leeds miaka mitano", na bado uko huko. Tazama jinsi "-li-" na "-me-" zinavyotusaidia: mara nyingi, palipo na "-me-" pana "have" au "has". Si kanuni isiyo na kasoro, lakini ni fimbo nzuri ya kutembelea.

Namna ya kufanya mazoezi

Msikilizaji, zoezi tunalolipendekeza halihitaji zaidi ya robo saa kwa siku, kalamu ya risasi na karatasi yoyote ya Kiingereza iliyoko nyumbani: barua ya shule, bili ya umeme au maelezo ya dawa.

Isome mara tatu. Mara ya kwanza, isome yote bila kamusi, ukitafuta majibu ya maswali manne tu: nani anaandika, anamwandikia nani, anataka nini, na kabla ya lini. Mara ya pili, shika kalamu na uzungushie duara kila neno dogo lenye amri, sharti au ukomo: "not", "must", "may", "unless", "if", "by", "until", "only", "before". Mara ya tatu, funika karatasi na useme kwa Kiswahili, kwa sauti, jambo unalotakiwa kufanya. Ukishindwa kulisema kwa sentensi moja, bado hujaielewa. Ndipo ufungue kamusi, ukianza na maneno yaliyomo ndani ya sentensi yenye amri.

Wazazi wengi ughaibuni huwapa watoto wao barua wawasomee. Si vibaya, ila mwulize mtoto swali la pili: "Mwanangu, neno gani hapa limekuonyesha kwamba ni lazima?" Mtoto atalazimika kusoma kwa makini, na mzazi ataondoka na neno moja jipya.

Na mitihani je?

Waombaji wa uraia wa Marekani, miongoni mwao wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, hutakiwa katika mtihani wa Kiingereza kusoma kwa usahihi walau sentensi moja kati ya tatu, na kuandika kwa usahihi walau moja kati ya tatu. Wanaokwenda vyuoni au kazini hukutana na IELTS, mtihani ulioanza mwaka 1989, ambao sehemu yake ya kusoma ina maswali 40 ya kujibiwa kwa dakika 60. Baadhi ya maswali hayo humtaka mtahiniwa achague "True", "False" au "Not Given", yaani kweli, si kweli, au halikutajwa.

Tuseme kifungu kinasema: "The school opened in 1960 and most of its first pupils came from the coast." Ukiulizwa kama wanafunzi wote wa kwanza walitoka pwani, jibu ni si kweli, kwa sababu "most" ni wengi, na si wote. Ukiulizwa kama walimu walitoka pwani, jibu ni halikutajwa, hata kama wewe mwenyewe unaijua shule hiyo na walimu wake. Unapimwa kwa yaliyoandikwa, na yale uliyo nayo kichwani yasubiri.

Zoezi la kuagana

Chukua kalamu. Soma sentensi hii: "You must not start work until you receive the card, unless we have told you in writing." Maswali ni matatu. Je, unaruhusiwa kuanza kazi leo, kadi ikiwa haijafika? Je, kuna njia ya kuanza kabla ya kadi? Na afisa akikuambia kwa simu kwamba hakuna tabu, je, hilo linatosha?

Majibu ni haya. La kwanza: hapana, "must not" ni katazo. La pili: ndiyo, na mlango wake ni "unless". La tatu: halitoshi, kwa kuwa "in writing" ni kwa maandishi, nayo simu si maandishi. Mwombe afisa huyo, kwa adabu, akuandikie.

Kama umeyapata yote matatu, umesoma vizuri. Kama limekuponyoka moja, irudie sentensi na ulizungushie duara lile neno ulilolipita. Kesho litakusimamisha lenyewe.