Ugonjwa wa Retina Utokanao na Kisukari: Kuchagua Tiba Inayofuatika

Kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu vishipa vidogo vya damu vya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vishipa hivyo huvuja, na katika hatua ya baadaye huota vipya vilivyo dhaifu, ambavyo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Ugonjwa huu huzuiwa usiendelee. Hauondoki moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, swali la msingi kwa mgonjwa si tiba ipi iliyo mpya zaidi, bali ni ipi ataweza kuifuata kwa miaka.

Tiba zilizopo

Miale ya leza hutumika kuchoma sehemu za pembeni za retina ili jicho liache kuotesha vishipa dhaifu. Kwa kawaida hukamilika kwa mahudhurio machache na manufaa yake hudumu. Hata hivyo, uwezo wa kuona pembeni na wakati wa usiku huweza kupungua.

Sindano za ndani ya jicho, zikiwemo bevacizumab, ranibizumab na aflibercept, huzuia protini inayochochea vishipa kuvuja na kuota. Hupewa kipaumbele pale uvimbe unapofika katikati ya retina, kwani huweza kurejesha sehemu ya uoni uliopungua. Lakini nguvu ya dawa huisha baada ya wiki kadhaa. Katika mwaka wa kwanza sindano huweza kufikia 8 au zaidi, kisha hupungua kadiri jicho linavyotulia.

Upasuaji hufanywa pale damu isipoondoka yenyewe, au makovu yanapoivuta retina ibanduke.

Tiba zote hizi hazichukui nafasi ya kudhibiti sukari na shinikizo la damu.

Pima uwezo wa kuendelea

Wagonjwa wengi huulizia bei ya sindano moja. Tunashauri waulizie gharama ya mwaka mzima, pamoja na nauli, siku za kazi zitakazopotea na kiasi kitakacholipwa na bima. Imebainika kuwa wagonjwa wenye vishipa vipya waliotibiwa kwa sindano pekee, kisha wakaacha kliniki kwa muda mrefu, hudhurika zaidi kuliko waliopigwa leza kabla ya kuacha. Hivyo basi, anayeishi mbali na hospitali ya rufaa amweleze daktari hali hiyo kabla ya uamuzi kufanyika. Hakuna aibu katika jambo hilo. Ni taarifa ya kitabibu kama zilivyo nyingine.

Usalama wa dawa

Bevacizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho. Unafuu wake unatokana na chupa moja kugawanywa katika dozi nyingi ndogo. Ugawaji huo usipofanyika katika mazingira safi, vijidudu huingia. Mwaka 2023, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, makumi ya wagonjwa walidhurika macho baada ya kudungwa dawa iliyogawanywa bila usalama. Aidha, mwaka 2017 Shirika hilo lilitoa tahadhari kuhusu bevacizumab bandia iliyopatikana Uganda.

Kabla ya kudungwa, mgonjwa anayo haki ya kuuliza:

1. Dawa hii inaitwaje, na toleo lake ni namba ngapi?
2. Muda wake wa matumizi unaisha lini?
3. Imegawanywa wapi, na nani?
4. Nitahitaji sindano ngapi, na nikikosa moja nifanye nini?

Atunze majibu hayo pamoja na kadi ya kliniki. Amjulishe pia daktari iwapo ni mjamzito, au amewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo.

Katika siku zinazofuata sindano, jicho likiuma zaidi, likiwa jekundu zaidi, likichukia mwanga au likiona ukungu, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo, kisha atoe taarifa kwa Mamlaka. Namba ya toleo aliyoitunza ndiyo itakayotuwezesha kuisaka dawa hiyo kabla haijamfikia mgonjwa mwingine.